Mtoto Aliyeuzwa Dirishani

Mtoto wa kwanza wa Saira aliitwa Bakyt, yaani heri, akaishi mpaka meno yalipoanza kuchungulia. Wa pili aliitwa Omur, uhai, na uhai huo haukumaliza mwezi. Wa tatu alikuwa msichana. Wakamwita Altynai, mwezi wa dhahabu, akafa kabla jina halijazoeleka midomoni. Kwa hiyo wa nne alipozaliwa, alfajiri ya theluji, akatoa kilio chembamba kama cha paka aliyefungiwa nje, hakuna aliyethubutu kumpa jina.

"Usimwite chochote," alisema Burul, mama mkwe wake, akimkausha kwa kitambaa cha sufu. "Hata 'mwanangu' usiseme. Sema 'hiki'."

Burul aliamini majina. Lake mwenyewe maana yake ni "geuka". Baba yake alikuwa na mabinti watano, akampa wa sita jina hilo ili uzazi ugeuke uelekee wavulana, na ukageuka. "Jina ni amri," alizoea kusema. "Ila kifo nacho kina masikio. Ukimwita mtoto dhahabu, kinageuza shingo kuangalia."

Dawa ilijulikana. Mtoto atolewe dirishani, si mlangoni, auziwe mwanamke ambaye hajazika mtoto hata mmoja. Huyo amnunue kwa konzi ya pumba, ampe jina alitakalo, na likiwa baya ndiyo bora. Kisha azunguke, aingie mlangoni na kumwuza tena kwa wenyewe. Kifo kikija kumwulizia mtoto wa Saira, kiambiwe: hayupo, huyu tumenunua. Pale kijijini walikuwapo kina Tezek, yaani Samadi, na mzee mmoja ambaye jina lake lilimaanisha hatakiwi hata na mbwa. Wote walikuwa na ndevu nyeupe, na wote waliitika wakiitwa bila aibu, maana walikuwa hai kuitika.

Shida ilikuwa mnunuzi. Vita vilikuwa vimeisha miaka michache tu nyuma, na homa ya chawa ilipita baada ya vita. Burul aliwapitia wanawake wa kijiji kwa vidole, akikunja kimoja kimoja: huyu alizika, huyu alizika, huyu alipata karatasi ya kifo cha mwanawe kutoka mstari wa mbele. Kikabaki kidole kimoja. Akakitazama kwa chuki.

"Zuura," alisema. "Heri nimwuzie mbwa."

Zuura alikuwa jirani yao, ua kwa ua. Alikuwa amezaa sita, na wote sita walikuwa hai. Lakini miaka kadhaa nyuma kondoo wa shamba la ushirika alipotea, na Burul alisimama mkutanoni akasema alinusa nyama ikichemka kwa Zuura. Mume wa Zuura akafungwa majira mawili ya baridi. Theluji ilipoyeyuka, mifupa ya kondoo ilionekana bondeni. Wengine walisema ni mbwamwitu, wengine wakasema mifupa haina jina. Ukweli wake hakuna aujuaye mpaka leo. Linalojulikana ni kwamba neno halikurudi lilikotoka. Watoto wa Zuura waliitwa kina Uuru, kina mwizi, kisimani na shuleni, na Burul alilitumia neno hilo kila kuku wake alipopunguza yai.

"Mama," Saira aliuliza kutoka kitandani, "akimpa jina baya?"

"Yote ni mabaya. Ndiyo dawa."

"Akimpa lile?"

Burul alimpa kisogo. Alichukua ndoo, akatoka kwenda zizini.

Zizi liliungana na nyumba, na ukuta ulikuwa wa udongo. Saira, akiwa amelala, alisikia fagio la Zuura likikwangua theluji upande wa pili. Wanawake wale hawakuwa wakisemeshana, ila ng'ombe wa Burul na mbwa wa Zuura walikuwa wamesikia mengi yaliyokusudiwa jirani.

"Ewe ng'ombe," Burul akapaza sauti, "nyumbani kwetu kuna kitu kinauzwa."

Fagio liliendelea. "We mbwa, umesikia? Kumbe wenye mali nao huuza."

"Hakina thamani, ng'ombe wangu. Kidogo, kibaya, kina masikio ya popo. Ila kinataka mnunuzi ambaye mkono wake haujafukia."

Fagio likasimama.

"Mbwa," Zuura alisema taratibu, "mwulize huyo ng'ombe kama ana hakika anataka kuuzia nyumba yenye sifa kama yetu. Asije kesho akasema tumeiba."

Saira alishika blanketi kwa meno.

"Ng'ombe anasema," Burul akajibu, sauti imepungua, "mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi ameinama. Si unamsikia?"

Zuura alikuja na pumba ndani ya kiganja. Alisimama nje ya dirisha, nywele zake zimeshika theluji, akauliza kama desturi inavyotaka: "Wenyeji, mna cha kuuza?"

Hapa Burul alitakiwa kusema maneno yake sawasawa: tunakuuzia kilichotuchosha, na kabla jua halijazama tutakinunua kwa bei yako. Maneno hayo aliyajua tangu utotoni, aliwahi kuwafundisha wengine. Lakini hakuweza kumtazama Zuura usoni. Akamsukuma mtoto nje, akapokea pumba, akasema, "Chukua, ni wako," na kufunga dirisha kwa kishindo.

Zuura alibaki amesimama. Alilitazama dirisha, akamtazama mtoto. Kisha akafungua koti lake la ngozi ya kondoo, akamtia ndani, na badala ya kuzunguka kuja mlangoni, akaenda zake kwao.

"Mama," Saira akasema. "Mama, hakuja mlangoni."

"Atakuja."

"Hukusema habari ya jua."

Burul alikaa chini, mikono bado imejaa pumba. "Nilisema," alisema. Akakung'uta mikono, akasema, "Sikusema."

Bila maneno yale, mnunuzi ndiye apangaye siku. Anaweza kumrudisha mchana huo, anaweza kungoja hadi arobaini, na hakuna mzee wa kumlaumu. Mume wa Saira alikuwa na kondoo wa ushirika malishoni, mwendo wa siku nyingi, na hata angekuwapo, mambo ya dirishani si ya wanaume.

Jua likapanda. Moshi wa Zuura ulisimama wima hewani, na mlango wake haukufunguka. Maziwa ya Saira yalianza kuja, yakalowesha gauni, yakapoa. Akakaa. Akashusha miguu.

"Unakwenda wapi? Mzazi havuki kizingiti kabla ya arobaini! Damu yako bado..."

"Hajanyonya, Mama."

Katika miaka yote ya kuolewa kwake hakuwahi kumkatiza mkwewe. Saira alijifunga shali, akatia kipande cha mkate kifuani kwa sababu hakuna aendaye kununua mikono mitupu, akatoka. Theluji ilimfika magotini. Alishika uzio mkono kwa mkono mpaka ua wa pili.

Ndani kwa Zuura kulikuwa na joto na harufu ya chai ya maziwa. Watoto walikaa kuzunguka jiko, wakamtazama bila salamu. Zuura alikuwa kwenye zulia, mtoto yuko titini. Kitindamimba wake, aliyekuwa bado hajaachishwa, alikuwa akivuta upande wa pili kwa wivu.

"Amenyonya?" Saira aliuliza, akijishikiza ukutani.

"Keti kwanza, mdogo wangu, usiniangukie hapa. Alishindwa kushika. Nikamkamulia mdomoni mpaka akashika." Zuura alimpigapiga mtoto unyayo kwa kidole. "Unajua tatizo lake? Anasahau kupumua. Ananyonya kidogo, kisha kimya, midomo buluu. Ukimpigia kelele anashtuka, anavuta. Pale dirishani alikuwa amekwisha kuwa buluu, na mama mkwe wako ananifungia dirisha. Ningebisha hodi?"

"Ndiyo maana hukuja mlangoni."

"Ndiyo." Zuura akamtazama. "Na pia nilitaka mkweo angoje. Sitakudanganya."

Mlango ulifunguliwa. Burul aliingia na upepo, akasimama pale pale kizingitini. Hakuwahi kuingia nyumba ile tangu mkutano. Watoto wakasogeleana.

"Dada Zuura," Saira alisema upesi, "nimekuja kumnunua. Jina lake nani?"

"Unalijua. Wangu wote wanalo. Nimemnyonyesha, sasa ni ndugu yao wa ziwa moja. Aitweje tofauti?" Hakugeukia mlango, lakini alipaza sauti. "Uuru."

"Mpe jingine," Burul alisema.

"Mbwa, nani anasema?"

"Ni mimi! Mimi, Burul, nasema nawe! Mwite Samadi. Mwite Jivu, mwite Mavi ya Mbuzi, nitakushukuru mpaka kaburini. Si hilo."

"Hayo kwenu si majina mabaya, mama. Dawa isiyochoma ni maji tu."

"Unalipiza kisasi kwa kitoto kichanga."

"Labda." Zuura alifikiri kidogo, mtoto akiwa bado mkononi. "Tangu asubuhi najiuliza, ni kisasi au ni dawa? Sijapata jibu. Ila sina jina jingine la kutoa. Hilo ndilo mlilonipa."

Saira aliwaza vilima vitatu vidogo nyuma ya kijiji, vyenye majina mazuri kuliko ya mtu yeyote aliye hai. Aliwaza pia shule, kisima, na mvulana akiitwa hivyo kila siku. Alipima vyote viwili, na havikuwa na uzito mmoja.

Akatoa mkate, akauweka magotini pa Zuura. Akamchukua mwanawe, akaweka midomo sikioni mwake. "Jina lako Uuru," alisema. "Jina lako Uuru. Jina lako Uuru."

Mtoto mmoja wa Zuura alicheka, kisha akaona dada yake mkubwa hacheki, akanyamaza. Zuura mwenyewe aliinamia ule mkate kana kwamba umeandikwa kitu. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja.

"Wewe umesema," Burul alimwambia mkaza mwana wake walipotoka. "Ulimi wangu mimi hautasema. Nitamwita 'hiki' mpaka aoe. Mlete hapa, utaanguka naye."

Kweli, Saira alikuwa anayumba. Burul akamtia mjukuu ndani ya koti lake, akatangulia, akikanyaga theluji ili mwenzake apite kwenye nyayo. Walifika kwenye uzio.

"Mama," Saira akasema nyuma yake, "mbona kimya?"

Burul alifungua koti. Uso wa mtoto ulikuwa umetulia mno. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya barafu ya mtoni.

"Hiki," Burul akasema. Akampigapiga unyayo. "Hiki! Wewe! We kitu!" Akampulizia usoni. Alikuwa amewahi kushika watoto wengi wa namna hii, wa Saira na wake mwenyewe, na mikono yake ilijua ni nini kinachofuata. Saira alipiga magoti, theluji ikamfika kiunoni.

Mlangoni Zuura alitokea bila shali. "Mwite!" alipiga kelele. "Mwite jina lake, mama, unangoja nini!"

Burul alivuta pumzi.

"Uuru!" alisema, mara ya kwanza kwa sauti ndogo. "Uuru! Uuruuu! Rudi hapa, Uuru! Uuruuu!"

Sauti ilivuka nyua, ikagonga mlima, ikarudi. Milango ilifunguka chini kijijini, watu wakatoka kuona Burul amemkamata nani safari hii. Watoto wa Zuura walitoka wote kwa pamoja, wamekunja ngumi. Binti mkubwa alikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu la miaka.

"Unatuita, bibi?" alisema kwa ukali.

Mwili mdogo ulishtuka ndani ya koti. Ukavuta hewa, ukakohoa, na kilio kikatoka, chembamba, cha hasira, kikaendelea.

"Siwaiti nyinyi," Burul alisema. Machozi yalikuwa yakimshuka, na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. "Namwita wa kwetu. Uuru. Njooni, mmoja wenu anishikie mama yake huyu, hawezi kusimama."

Binti alisita, akamtazama mama yake mlangoni. Kisha akaruka uzio, akamshika Saira kwapani, akamwinua.