Kopo la Upatu na Chupa ya Chai

Mimi nikikasirika huosha vyombo, na siku ile niliosha hata vilivyokuwa safi. Aliyenikasirisha ni Pak, yaani Bwana, Sugondo, mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Jatiwangon, ukingoni mwa mji wa Solo. Alikuja barazani kwangu, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaanza kumpangia mpangaji wangu jinsi ya kufanya utafiti wake.

Mpangaji mwenyewe ni Wening. Alikuwa mwaka wa saba kwenye chumba changu cha nyuma, na masomo yake ni ya miaka minne. Msimwite mzembe. Mama yake aliugua kule Wonogiri, akaenda kumuuguza, akarudi, akaenda tena, mpaka akamzika. Sasa chuo kilikuwa kimemwambia wazi kwamba asipofaulu mtihani wa tasnifu mwezi wa nane, afungashe virago. Nampenda kama niliyemzaa.

Utafiti ulihusu visima vyetu. Karakana za batiki za mtaa wa juu humwaga rangi mitaroni, na kila mtu alikuwa akinong'ona kwamba visima vingine vimeharibika. Ni vingapi, hakuna aliyejua. Nyumba ni mia moja na ushee, Wening ni mmoja, na kupima maji si kazi ya mara moja. Akataka nyumba arobaini.

"Nimeshakuchagulia, Mbak," Pak Sugondo alimwambia, akimwita dada kama ilivyo desturi yetu. "Nyumba arobaini za watu wa heshima. Utakaribishwa chai na ndizi za kukaanga, mpaka unenepe."

"Asante sana, Pak. Ila nikienda nilikochaguliwa, nitajua habari za hao waliochaguliwa tu. Inabidi kila nyumba iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ya tajiri, ya maskini, ya barabarani, ya uchochoroni. Ndiyo inaitwa sampuli nasibu."

"Nasibu? Kwa hiyo chuo kinawafundisha kamari?"

"Kompyuta ndiyo inachagua, Pak."

"Kompyuta inamjua nani hapa? Inamjua Bu Kustiyah? Inajua nani mkali, nani ana mbwa?" Akanigeukia mimi, Bu Kustiyah mwenyewe, eti nicheke. Sikucheka.

Aliondoka amenuna. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye vyombo, maana nawajua watu wetu. Mwenyekiti akinuna, milango hufungwa kwa adabu. Mtasikia baba katoka, mama anaumwa kichwa, njoo wiki ijayo. Na Wening hakuwa na wiki za kuchezea.

Nilipomaliza kusugua masufuria nilimkuta amekaa, anakodolea macho rafu ya sebuleni. Kwenye rafu hiyo hukaa kopo la arisan, upatu wetu wa kila mwezi. Ni kopo la plastiki tu lenye tundu kwenye kifuniko. Mimi ndiye mtunzaji wake. Majina tunayakunja na kuyachomeka ndani ya vipande vya mirija ya kunywea, tunatikisa, na linalodondoka ndilo lenye zamu.

"Bu Kus," akaniuliza, "kopo likishatoa jina, kuna mtu hubisha?"

"Nani athubutu? Mwaka jana lilimtoa jirani Endang mara mbili mfululizo, tuliposahau jina lake ndani. Watu walisaga meno, lakini walikubali."

"Basi niazime."

Jumapili alasiri mtaa mzima ulijaa uani kwangu. Wening aliwaonyesha namba za nyumba zote kabla hazijaingia koponi, na Pak Sugondo akazihakiki mwenyewe, tena mara mbili, kwa kuwa alitaka aonekane. Mirija ilitoka kwake pia. Kwa Pak Sugondo mgeni hapewi chai. Hupewa maji ya dukani, yale ya vikombe vya plastiki vilivyofungwa, na mrija juu. Sisi tuliyaita maji ya majivuno.

"Tikisa wewe, Pak," Wening alimwambia.

Akatikisa kwa mbwembwe, kiuno na kopo vikienda pamoja, akina mama wakapiga kelele. Namba zikadondoka moja baada ya nyingine mpaka arobaini. Yake haikutoka.

"Pole, Pak! Bahati yako imelala!" Endang akamtania.

Pak Sugondo alicheka kuliko sisi sote, akajipangusa jasho usoni. Nikadhani ni joto.

Kesho yake Wening alianza mzunguko, akiongozwa na Bu Sugondo, mke wa mwenyekiti. Hapa kwetu bila kiongozi hufiki. Kila Agosti tunapaka mtaa rangi kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, na miaka yote hiyo rangi imezifunika namba za milangoni, hazisomeki. Wening aliuliza maswali, akachota maji kwenye vichupa vyake, akanywa chai mpaka akalalamika tumbo.

Majibu yalipotoka maabara alikuja jikoni akiwa na uso nisioweza kuusoma.

"Vitatu, Bu. Vibaya ni vitatu tu katika arobaini. Msimamizi wangu amefurahi, anasema kazi imenyooka."

"Vitatu?" Mimi nina pua. Mtaro wa nyuma wananusa hata wapita njia. Ila sikutaka kumkatisha tamaa, nikabadilisha mazungumzo. "Haya, niambie, Mbah Paniyem alikukaribisha na nini? Yule bibi ana kikombe kimoja tu."

"Sijafika kwa Mbah Paniyem."

"Namba yake ilitoka. Niliisoma kwa mdomo wangu huu."

Halafu ikanipiga kichwani, nikaacha kisu juu ya vitunguu.

Kwenye arisan, jina lako likitoka na hujawa tayari, unabadilishana na mwenzako. Mwenzako ana harusi, wewe unaweza kungoja, basi anachukua zamu yako. Hakuna anayeuliza. Kwetu sisi huo ni uungwana wenyewe.

Nilimfuata Bu Sugondo nyumbani kwake, Wening nyuma yangu. Alishangaa kwa moyo mweupe kabisa.

"Kwani kosa liko wapi, Bu Kus? Mbah aliniomba, nikampeleka Mbak kwa Endang. Maji ya Mbah yamekuwa mekundu. Atampikia mgeni chai gani? Si aibu hiyo!"

"Waliobadilishana ni wangapi?"

Akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya mkono wa kwanza. Kumi na wanne.

Njiani nilisema kwa hasira, kwa sababu akilini nilimwona anaondoka na sanduku lake. "Peleka hivyo hivyo. Nani atajua? Faulu kwanza, mambo mengine baadaye."

"Bu Kus, walioondolewa ndio hasa niliokuwa nawatafuta." Hakupunguza mwendo. "Nikipeleka hizi, nitakuwa nimethibitisha kwamba visima ni vizuri kwa wenye chai nzuri."

"Basi tutikise tena."

"Hapana. Zilizotoka zimetoka. Nitaenda kwao wenyewe."

"Hawatafungua, mwanangu. Si ubaya. Wanaona haya."

Alifika mpaka langoni ndipo akageuka, macho yameng'aa. "Niazime na chupa ya chai."

Mimi nilibeba vikombe. Kwa Mbah Paniyem tulifungiwa mlango kwa adabu, kama nilivyotabiri. Bibi alitoa uso nusu. "Mimi nimeshabadilishana, mjukuu wangu. Nenda kwa Endang, ana biskuti."

"Leo sikuja kunywa, Mbah. Nimekuja kukaribisha." Wening akachuchumaa pale pale kizingitini, akafungua chupa, akamimina. Harufu ya asmini ikapanda.

Mbah alitoa macho. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, halafu akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. "Mgeni na chai yake! Kustiyah, umelea kichaa gani huyu?"

Alikunywa viwili. Cha tatu alipokimaliza, alinyanyuka mwenyewe, akashusha ndoo kisimani, akaipandisha. Maji yalikuwa na rangi nyekundu iliyokolea ya ganda la mangostani.

"Ndiyo naoga hayo," alisema, bila kicheko sasa. "Nguo nyeupe nimeacha kuvaa. Nilidhani ni kisima changu tu kilicholaaniwa."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu. Wening alijaza kichupa chake, akakiandika namba, akamshukuru kwa mikono miwili.

Tukaenda nyumba zote. Chupa ilijazwa na kumalizwa sijui mara ngapi. Pak Wiryo wa kona alitufukuza siku moja, akatuita kesho yake, baada ya kusikia kwamba kwa Mbah hatukucheka. Ilikuwa hivyo kila mahali: wakishajua wako wengi, haya inapungua. Hakuna mlango wa wale kumi na wanne uliobaki umefungwa. Na majibu yakawa visima vibaya kumi na sita katika arobaini.

Pak Sugondo akaja amefura.

"Umetuvua nguo mtaa mzima! Badilisha hizo nyumba, nimekwambia, kuna nyumba nzuri kibao!"

"Pak," Wening alimjibu taratibu, ameinamisha kichwa kwa heshima, "kopo ulilitikisa wewe mwenyewe."

Pak Sugondo akatoka haraka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilienda jikoni nikacheka ndani ya taulo.

Siku ya mtihani tulijaza viti vya nyuma, tumevaa batiki zetu za harusini. Wening alikuwa mbele peke yake, mabega madogo ndani ya shati jeupe. Mtahini mkuu, Pak Hendrawan, ni mtu ambaye wanafunzi humtaja kwa sauti ya chini. Alipekua kurasa, akakunja ndita.

"Nyumba arobaini, na zote zimejibu. Sijawahi kuona mtaa usio na mlango uliofungwa. Sema kweli, Wening. Ulibadilisha nyumba ngapi?"

Nikamshika mkono Mbah Paniyem. Au yeye ndiye alinishika.

"Zilibadilishwa kumi na nne, Pak. Kisha nikazirudisha zote." Akafungua ukurasa aliokuwa ameutenga. "Hizi ni hesabu zenye nyumba za kubadilishana. Vibaya vitatu. Hizi ni za nyumba zilizotoka kweli. Vibaya kumi na sita. Waliokwepa hawakukwepa ovyo, Pak. Walikwepa kwa sababu hawakuwa na maji ya kumpikia mgeni chai."

Pak Hendrawan aliangalia ukurasa wa kwanza, akaangalia wa pili, akarudi wa kwanza.

"Na waliokataa uliwafunguaje?"

Wening akainama, akatoa chupa yangu mkobani, akaiweka juu ya meza ya watahini. Kula na kunywa mle ni marufuku, imeandikwa ukutani. Akamimina kikombe, akakisogeza kwa mikono miwili.

Mzee yule akakinywa, akakimaliza.

"Miaka yote nawafundisha kwamba asiyejibu naye ana jambo la kusema," alisema. "Leo ndio nimeona mwanafunzi aliyekwenda kumsikiliza. Sura hii nitawasomesha wenzako mwaka ujao." Kisha wakanong'onezana, na akatangaza: amefaulu, kwa alama ya juu kabisa.

Tulipiga makofi na mayowe mpaka mlinzi akaja mbio. Mbah Paniyem alikuwa amepanda juu ya kiti. Wening alijifunika uso akalia, na nilimwacha alie, kwa kuwa miaka saba si mchezo.

Jioni uani kwangu kulikuwa na wali wa manjano uliochongwa kama mlima, na Wening ana utepe begani wenye jina lake. Watu walikuwa wanacheka ndipo Pak Sugondo akaingia. Hakuja na boksi la maji ya dukani. Alikuja na birika tupu.

"Mbak," alisema. "Na kwangu pia kisima kimeharibika. Mwaka wa nne sasa. Kopo halikunitoa, nikamshukuru Mungu, kumbe nilishukuria ujinga." "Niandike. Iwe kumi na saba."

Wening alimtazama, machozi yakamlenga tena. Akatikisa kichwa.

"Siwezi, Pak. Namba yako haikutoka."

Endang alishusha pumzi kwa sauti. Pak Sugondo akasimama pale na birika lake, hajui aliweke wapi. Wening akalipokea kwa mikono miwili.

"Ila chai ipo, Pak. Twende kwako tukainywe."

Nikainuka kwenda kujaza chupa.