Taulo Upande wa Vumbi

Kazi yetu ni kushusha mapaa ya asbesto kwenye majengo ya zamani. Tunalowanisha kila bati ili vumbi lake lisiruke likaingia vifuani, tunalishusha zima, tunalifunga nailoni mara mbili. Kisha tunatoka kwa kupitia vyumba vitatu vya turubai: cha kwanza kuvua ovaroli, cha pili kuoga, cha tatu kuvaa nguo za nyumbani. Taulo hukaa cha tatu.

Langu nilikuwa nalitundika cha kwanza, kando ya ovaroli zenye vumbi, ili nitoke kuoga nimejifunga. Sababu ni baba mkwe. Tuko zamu moja, naye hutangulia kutoka, akakaa chumba cha tatu kufunga kamba za viatu kama mtu asiye na kwao. Mimi nipite mbele yake nikichuruzika maji, mtupu? Bora ardhi inimeze.

Leo mchana msimamizi alinikuta nikilitundika. Hakugomba. Aliuliza nani hulifua, na kwa namna gani. Nikamwambia ni mke wangu. Hulikung'uta kwanza uani, mtoto akiwa mgongoni. Nilijisikia nikiyasema hayo, nikakimbilia simu. Taulo la jana lilikuwa nyumbani.

Nilipiga simu mara saba, haikupokewa. Baba mkwe akataka kujua nahangaikia nini. Nilimweleza yote, hata sababu.

“Mwanangu, ulidhani mimi nilizaliwa na ovaroli?” Kisha akaninyang'anya bomba la maji. “Huyo ni mjukuu wangu. Nenda.”

Nilimkuta mke wangu mlangoni, mtoto mgongoni. Nikauliza taulo liko wapi.

“Palepale ulipolitupa, ndani ya mfuko wako wa plastiki. Si nilikwambia asubuhi mimi si dobi wako?”

Sijawahi kufurahia kununiwa kama leo. Nililimwagia maji humohumo mfukoni, nikafunga, nikatia mfuko wa pili, nikazungushia utepe. Alinifuata hatua kwa hatua, akidhani nimerukwa na akili, mpaka nilipomweleza.

Alimshusha mtoto, akampangusa nywele kwa kitambaa kibichi, polepole.

“Hilo ni la jana,” akasema. “Na yale niliyoyakung'uta hapa miezi mitatu yote?”

Alitazama kamba ya nguo, vinguo vya mtoto vikipepea juu ya udongo mkavu.

“Lete maji,” akasema.

Nikaleta ndoo, nikaleta nyingine. Tulilowanisha kamba, ukuta, ua mzima, na kila tulipofika mwisho, mmoja wetu alionyesha mahali pengine.