Askari Amekataa Kubebwa

...na haikuwepo, aliipekua karatasi ya kanuni za mchezo kwa macho mbele na nyuma na haikuwepo, sentensi fupi tu ambayo mtu yeyote angeikumbuka, kwamba anayebebwa awe amekubali kubebwa, na sasa wote watatu walikuwa wanamtazama yeye, Mhasibu na dadu kiganjani, Kinanda na vile vidole vyake visivyojua kutulia mezani, na kaka yake, ndugu yake wa tumbo moja, ameegemea kiti cha plastiki kama mtu aliyeshasema lake na hana haraka. "Nakataa," alikuwa amesema, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa chai. "Imeandikwa wapi kwamba siwezi kukataa?" Na Mhasibu, ambaye hajawahi kukutana na sheria asiichokonoe, aliigeuza karatasi akasema kweli, haijaandikwa kwamba anaweza wala kwamba hawezi, amua, Bi Kanuni, wewe ndiye msimulizi na wewe ndiye uliyeutunga mchezo... amua, anasema, kana kwamba ni kuchagua soda, na feni inalia juu, na karatasi zinataka kuruka chini ya betri kuukuu walizozikandamizia, na kule chini dukani mashine ya kutoa kopi inavuma na kukatika, inavuma na kukatika, kama ile nyingine ya hospitali, hapana, si kama ile, ile haikatiki, ile inazunguka tu na damu ya kaka ndani ya mipira... tulia, mchezo ni mchezo, penseli na karatasi, zimwi limeng'oa lango la mji, Askari wa kaka yuko chini ya lango amebakiwa na pointi moja ya uhai, Mbebaji wa Mhasibu amepiga magoti kando yake amenyoosha mkono, akimgusa jeraha linahama, linatoka kwa Askari linaingia kwa Mbebaji, Askari anainuka, basi, ndivyo fani yenyewe ilivyo.

Na ilikuwa fani nzuri, asidanganywe na mtu, katika fani zote alizowahi kutunga hii ndiyo aliyoipenda kama mtoto wa mwisho, maana fani nyingine kila mtu anazijua, Askari anakata, Mchawi anachoma, Mwizi anaiba na kutoweka, na Mganga, maskini Mganga, hakuna anayemtaka, anasukumiwa aliyechelewa kufika, kama vyombo vichafu, na yeye alikuwa ameapa kutunga fani ya kuponya ambayo watu wataigombania, na kweli waliigombania, Mhasibu na Kinanda nusura washikane mashati, kwa sababu Mbebaji haponyi kwa dawa, anaponya kwa mwili wake, anaugua kwa niaba yako, na kila jaribio la mchezo lilipoisha alimwongezea utamu, uhai zaidi, maumivu pungufu, jeraha likifika kwake linapungua nusu, na wote wakasifu, isipokuwa siku ile Kinanda aliyekuwa amebebwa tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho alisema mimi leo nilikuwa gunia tu, nimebebwa kama gunia, wakacheka, na yeye Bi Kanuni akacheka, akasema moyoni mwivu huyo... "Bi Kanuni," alisema Mhasibu, "zimwi linasubiri." Lisubiri. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, ndivyo kaka alivyomwambia muuguzi mara ya kwanza alipofungwa kwenye ile mashine ya kusafisha damu, muuguzi akacheka mpaka akakosea mshipa, kaka naye akacheka, na yeye akiwa pale mlangoni na chupa ya chai hakucheka, alikuwa anapiga hesabu, mtu ana figo mbili na anaishi kwa moja, mbili kutoa mbovu mbili ni sifuri, lakini mbili zake yeye ni nzima, mtoto wa darasa la kwanza anaweza hesabu hiyo, akaenda kupimwa bila kumwambia mtu, na vipimo vikaoana, vikaoana, daktari alisema ni bahati, na alitoka pale akikimbia, akamwambia mama kwanza, kisha shangazi, shangazi akalia kwa furaha akapigia simu ukoo mzima, na kaka ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua, aliingia akitoka hospitali, plasta mkononi, akawakuta wote sebuleni wameketi kama watu wa harusi, akavua viatu polepole, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani aliomba?"

Nani aliomba, anasema mtu anayekufa, na yeye alikiita kiburi, ndiyo, kiburi cha fundi lifti, ndiyo kazi yake, mtu aliyezoea kupandisha wengine hawezi kupandishwa, kiburi hicho tangu utotoni, tangu walipokuwa wakicheza uvunguni mwa kitanda kwa vizibo vya soda, yeye akiwa Askari na kaka akiwa zimwi, siku zote kaka ndiye zimwi, siku zote anakufa vizuri kwa kukoroma na kurusha miguu, na hakuna siku aliyomuuliza kama angependa kuwa Askari... vidole vya Kinanda vilikuwa vimeongeza mwendo. Ajibu nini. Akisema huwezi kukataa, mambo ni mepesi, Mhasibu anarusha dadu, jeraha linahama, Askari anasimama, kaka anasema sawa na kushika penseli yake, na hiyo sawa anaijua, ndiyo aliyompa mama jana, sawa mama, nimesikia, huku anaangalia ukuta. Akisema unaweza, fani imekufa hapa hapa mezani, maana wachezaji wana kiburi wote, kila atakayeumia atakataa ili aonekane dume, na Mbebaji atazunguka vitani na mkono wake umenyooshwa kama mtu asiyepewa salamu, na kesho kutwa daktari anataka jibu la kaka, si lake yeye, la kaka. Alirudi kwenye karatasi ili asimtazame. Umbali: mguso. Anayelengwa: yeyote. Akiguswa: jeraha linahama. Akasoma tena, na kitu kikamchoma, kwa sababu mistari hiyo alikuwa anaijua, alikwisha kuiandika mahali pengine, Umbali: mguso, Anayelengwa: yeyote, Akiguswa: anajeruhiwa, ni mstari wa upanga, ule wa Askari, alikuwa ameunakili kutoka kule ili asianze upya, akabadilisha mwisho wake tu, na upanga hauombi ruhusa, nani amwombe zimwi ruhusa ya kumkata, na yeye alikaa miezi yote ile upande wa mwenye mkono, akimpunguzia maumivu mwenye mkono, akimwongezea utamu mwenye mkono, na yule wa upande wa pili, mwenye kiti chake na penseli yake na jina alilompa Askari wake, yeye hakuwahi hata mara moja kwenda kukaa kwenye kiti cha huyo. Gunia. Kinanda alisema kabisa, gunia.

Aliinua macho. Kaka hakuwa anamtazama Mhasibu, wala karatasi, alikuwa anamtazama yeye, midomo imekauka kama inavyokaukaga akitoka kwenye mashine, kola ya shati imekuwa pana kwa shingo, na ndipo alipoelewa kwamba huyu hakuuliza habari za lango wala za zimwi, huyu alichagua mahali, alichagua chumba ambacho mama hayupo wa kulia na shangazi hayupo wa kupiga simu, mahali ambapo mdogo wake analazimika kutoa jibu na jibu likishatolewa linashika, na kwa muda alimkasirikia, mjanja huyu, angemzaba kofi, angempigia magoti amshike miguu, kwa sababu aliogopa, ndiyo, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu, aliogopa kubaki na figo mbili nzima na kiti kitupu, na siku zote hizi alikuwa amebeba ile zawadi yake mbele kama ngao ili asiione hofu hiyo, mimi natoa, mimi nimejitolea, mimi nimeshapimwa, na anayetoa haombi, anayetoa hukaa juu... "Tunakusubiri wewe tu," alisema Mhasibu, dadu bado kiganjani, na feni inalia, na chini kopi zinatoka moja baada ya nyingine, na kaka bado ameegemea kiti hana haraka, na yeye alishajua atasema unaweza kukataa, na kwamba akishasema hivyo hatakuwa na mstari wowote wa kushikilia, si hapa wala hospitali, atakuwa mtu wa kuomba tu, amwombe kaka yake aishi, kisha anyamaze asikilize atakachojibiwa.