Trekta la Mguu wa Kushoto

Mume wangu Lukumani alianguka kutoka kwenye mkorosho akikata matawi makavu ambayo nilimwambia ayaache. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili lisinikere tena huko mbele. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti, ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa fimbo na mtu wa barazani.

Fimbo si kitu. Kilichonitisha ni neno "sawa". Lukumani ninayemjua mimi hubishana hata na jogoo. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuonyesha wingu linalokimbia. Lakini siku ile mdogo wake alipokuja kutoka Kiegei na kumwambia, "Kaka, shamba limekushinda, pori linarudi hadi mlangoni. Njooni mkae kwangu, hilo wapewe wenye nguvu," mume wangu aliutazama mguu wake akasema, "Sawa." Nilikuwa napepeta ufuta, ungo ukanitoka mikononi. Nilijua kwamba tukihamia Kiegei nitakuwa mjane mapema, maana mwanamume yule hakuumbwa kukaa barazani kwa watu.

Shamba letu liko Naipingo, kwenye mteremko, mikorosho juu, mahindi na mbaazi chini. Tuliliacha mara ya kwanza watu walipohamishiwa vijijini, kisha tukalirudia na kulifufua kwa jembe la mkono. Mimi kuliacha mara ya pili sikuwa tayari.

Basi nikaenda Nachingwea mjini kwa Jumaa, mtoto wa dada yake Lukumani, dereva wa malori. Nikamwambia anitafutie trekta dogo, kuukuu, lolote lenye uwezo wa kuvuta jembe na kufyeka majani chini ya mikorosho. Jumaa alicheka, halafu akaona kwamba mimi sicheki. Baada ya muda akaleta habari: huko Ruangwa kuna shamba la kampuni limefungwa, na matrekta yake mawili madogo yanauzwa. Nikauza korosho, nikauza na mbuzi.

"Nani ataliendesha?" Lukumani akauliza.

"Wewe. Si ulikuwa ukiendesha matrekta ya Waingereza kwenye karanga zao, ujanani? Kila mgeni umemsimulia."

"Sawa," akasema, nikatamani kumpiga mwiko.

Tulikwenda Ruangwa kwa lori la Jumaa. Matrekta yalikuwa chini ya banda la bati. Moja lilikuwa jekundu, limenyanyuka, limeoshwa hadi linang'aa. Huo ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, sabuni haionekani dukani, sisi tunafulia majani ya mpapai, na trekta linaogeshwa kwa sabuni! La pili lilikuwa la kijivu, fupi, kiti chake kiko chini, kutu imelila mabati ya magurudumu. Kuku alikuwa ametagia chini yake.

Aliyeachiwa ufunguo wa banda alikuwa bwana mmoja mnene, jina lake Kipriani. Kabla ya salamu kwisha alikwishauliza kabila letu.

"Wamwera," Jumaa akajibu.

Kipriani akapiga makofi. "Mali zangu hizi! Mimi Mngoni wa Songea. Babu zangu waliwaswaga babu zenu kama mbuzi. Na huyu mke wangu," akanielekezea kidole mimi, "mbona mmemkondesha hivi? Mnamlisha panya tu?"

Sisi na Wangoni ni watani, na mtani huwezi kumnunia. Atakutukana msibani kwako, atakunyang'anya kofia kichwani, na ukiitaka utaikomboa kwa kitu. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa. Nilimtazama Lukumani, nikingoja amrudishie. Zamani angemjibu kwamba Mngoni hata kaburini huzikwa na kata yake ya pombe ya komoni. Siku hiyo alitabasamu kidogo tu, akaegemea fimbo yake. Moyo wangu uliuma.

Jumaa akavua shati akaingia kazini. Kijana anajua mashine, sitamnyima haki yake. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa, akatikisa magurudumu, akawasha lile jekundu likaitika mara moja, moshi wake mwepesi. Akainua na kushusha mikono ya nyuma inayobeba jembe. "Hili zima," akasema. "Mjomba, tusihangaike. Lile la kijivu ni la kufugia kuku."

"Hili," Lukumani naye akasema. Nikaona macho yake yamechangamka kidogo, maana lilifanana na yale ya ujana wake.

Mimi nilikuwa natazama kitu kimoja tu. Kile kikanyagio cha klachi kiko kushoto. Nilikiona tangu tulipofika, kikubwa, kirefu, na nikaona goti la mume wangu. Nilitaka kusema, nikashindwa. Tangu aanguke, hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuutaja mguu ule mbele yake. Tulizoea kusema "baba amechoka". Jumaa naye nadhani alikiona, akajifanya anafunga nati.

Kipriani hakuwa na adabu hizo. "We kiguru," akaita, "klachi ya hilo ni ngumu kama moyo wa mkwe. Utaikanyaga kwa mguu wa nani? Utakodi?"

Jumaa akacheka, Lukumani akacheka, na mimi nikacheka ili nisiachwe peke yangu. Hilo ndilo tatizo la mtani: hata akisema kweli tupu, watu wanacheka kwanza. Lukumani akanipa fimbo, akapanda lile jekundu kwa mikono yake yenye nguvu bado, akakaa juu kule kama bwana shamba. Akaweka mguu kwenye klachi. Akakanyaga.

Mguu ulitetemeka. Kikanyagio kilishuka kidogo kikarudi. Akajaribu tena kwa kusukuma paja kwa mkono, jasho likamtoka usoni, klachi ikagoma katikati. Akajaribu tena. Jumaa akageuka kutazama paa la bati. Mimi nikatazama fimbo mkononi mwangu, na kusema kweli niliichukia kuliko mkorosho wenyewe.

Lukumani alishuka taratibu. "Sawa," akasema. "Turudi. Mdogo wangu alisema kweli."

Akanyoosha mkono achukue fimbo yake. Kabla sijampa, Kipriani akaninyang'anya hiyo fimbo, akaenda nayo hadi kwenye lile trekta la kijivu na kuilaza juu ya kiti.

"Nimeteka!" akasema. "Mali ya Mmwera ni mali yangu. Ukiitaka, ifuate."

"Lete fimbo yangu."

"Ifuate."

"Wewe Mngoni, mlevi mkubwa, mwana wa mlevi, nitakuja hapo nikuonyeshe!"

Nikaziba mdomo kwa upande wa kanga. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema tangu mavuno. Akaenda akichechemea, akashika bati la gurudumu, kuku akaruka akipiga kelele, akajivuta juu huku anamtukana Kipriani na ukoo wake wote mpaka Peramiho. Akaichukua fimbo. Na kwa kuwa kiti kilikuwa chini na kikanyagio kiko papo hapo, mguu wa kushoto ukatua juu yake wenyewe. Akatulia. Akakanyaga. Klachi ikashuka yote, laini, hadi chini.

Akaiachia, akakanyaga tena, akabadili gia, akakanyaga.

"Mjomba," Jumaa akasema kwa upole, "sitakudanganya. Injini ya lile jekundu ni bora. Hili linakunywa oili, na stata yake imekufa. Spea ya stata sijui utaipata wapi nchi hii kwa sasa. Kuliwasha ni kusukuma."

Uso wa Lukumani ukafunga tena. "Yaani kila asubuhi nikapige hodi kwa watu waje kunisukuma? Mimi?"

"Shamba letu ni mteremko, baba Swaumu," nikasema. "Utalilaza juu, chini ya mikorosho. Asubuhi utaondoa jiwe, litateremka lenyewe, utaachia klachi."

"Na likizimikia chini bondeni?"

"Utaita watu."

"Siwezi kuwasumbua watu."

Hapo hasira ikanipanda. "Nyumba ya jirani yetu Bibie nani alibeba miti yake? Kisima kile nani alikichimba na wenzake? Watu wamekuita wewe miaka yote ulipokuwa na miguu miwili, hukuona wanakusumbua. Sasa zamu yao imefika unawanyima!"

Niliusema mguu. Nilisema "miguu miwili" mbele yake, kwa sauti, na mbingu hazikuanguka. Lukumani akamgeukia Kipriani.

"Mngoni, hili debe lako bei yake inapungua. Mayai ya kuku nayo yamo humo."

Wakabishana hadi jua likawa kali. Nilikaa kivulini nikawasikiliza wakitukanana, na sijawahi kusikia maneno matamu kama yale. Walipopatana, tukalisukuma likawaka, likatoa moshi wa kutia aibu. Kipriani akampokonya Lukumani ile fimbo kwa mara ya pili.

"Hii inabaki mateka. Nitakuja nayo Naipingo mwenyewe. Fidia ni kuku, tena jogoo."

Bila fimbo, siku za mwanzo Lukumani alishika ukuta, akashika tairi, akashika bega langu. Alinuna, lakini utani ni utani, hakuweza kutuma mtu kuidai, na kuchonga nyingine aliona ni kumpa Mngoni ushindi. Mvua zilipoanza tulilima. Trekta lilizimika bondeni kama alivyohofia, wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakatua ndoo zao wakalisukuma, naye juu ya kiti anawafokea kwamba wanasukuma vibaya. Walimjibu. Alirudi nyumbani ana tope hadi kwenye nyusi, akala ugali wote, akabishana nami kuhusu chumvi.

Mdogo wake alikuja tena kutoka Kiegei wakati mahindi yamebeba. Hakutaja kuhama. Aliomba alimiwe.

Kipriani alitimiza ahadi baada ya mavuno. Alifika ameshika fimbo juu kama bendera, anaita tangu njiani, "Wako wapi watumwa wangu? Mke wangu, yuko wapi jogoo?" Lukumani alikuwa bandani, mikono imejaa grisi. Akatoka akichechemea, hatua kubwa hatua ndogo, akapita ua mzima mikono mitupu. Sijui kama alijiona. Mimi nilimwona.

Kipriani akampa fimbo. Mume wangu akaipokea, akaigeuzageuza, akatafuta pa kuiegemeza, akakosa.

"Mama Swaumu," akaita, "shika hii. Huyu mlevi ana njaa."

Nilichinjisha yule jogoo mkubwa, yule mbishi. Nikaivunja fimbo kwa goti, vipande viwili, nikavisukumia mafigani chini ya chungu. Ilikuwa mninga mkavu. Jogoo aliiva mapema.