Usivute, Nisikilize

Kwa miaka ishirini na sita walimwita Mama Mikono, maana alikuwa mkunga wa hospitali ya mtaa ule, na nusu ya watoto wake alikuwa amewapokea yeye. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, wa kushoto ukafuata, na daktari akamwambia waziwazi kwamba ugonjwa huo hauponi. Hospitali ikamhamishia stoo ya mashuka.

Mwezi wa kwanza alikunja mashuka huku akinung'unika. "Bwana, katika mwili mzima hukuona cha kuchukua ila mikono?" Akaendelea kuomba tu kila asubuhi, hadi siku moja akashtukia anamwombea mgonjwa atakayelalia shuka alilolishika. Kuanzia hapo kinyongo kikapungua kama homa: leo nafuu, kesho kinarudi kidogo.

Alhamisi moja asubuhi alikuwa akipeleka mashuka wodi ya wazazi aliposikia mkunga aliyeshika nafasi yake, binti aliyemfundisha mwenyewe, akipiga kelele: "Mwiteni daktari!"

"Yuko chumba cha upasuaji!" muuguzi akajibu.

Mama Mikono akaingia. Kichwa cha mtoto kilikuwa nje, kimeanza kuwa cheusi. Bega lilikuwa limekwama, na mkunga anavuta.

"Usivute!"

"Mama, njoo ushike wewe!"

Akamwonyesha viganja vyake vinavyorukaruka. "Hivi si vya kushika. Wewe unayo mikono, na Mungu yupo. Nisikilize."

Aliukumbatia mguu mmoja wa mzazi kwa kifua chake chote, muuguzi akashika wa pili, magoti yakapandishwa hadi karibu na mbavu. Akamwita muuguzi mwingine aliyekuwa mlangoni: "Wewe, gandamiza hapa juu ya kinena. Si tumboni! Dada, usisukume kwanza, pumua."

Dakika ikapita.

"Mama, hatoki!"

"Ingiza mkono kwa upande wa chini, utafute mkono wa mtoto. Taratibu." Moyoni alisema: Bwana, si kwa sifa yangu.

"Nimeupata!"

"Ulete mbele, upitie kifuani kwake."

Mtoto akateleza nje, mwili wote, kimya. Mkunga akamsugua mgongo, akampulizia hewa kwa mfuko wa kupumulia, mara moja, mara tano. Kikasikika kikohozi chembamba, halafu kilio.

Baadaye mkunga alimkuta Mama Mikono ameketi kwenye benchi la korido. "Mama, hukuogopa?"

"Niliogopa hadi ulimi ukakauka, mwanangu."

"Mbona sauti haikutetemeka?"

"Zamani nilidhani nguvu ni za kwangu. Sasa naamka sina kitu, naomba za siku hiyo, napewa. Zinatosha."

Matroni, mkuu wa wauguzi, aliposikia habari hiyo alimpa siku mbili kwa wiki za kufundisha wakunga wapya. Siku nyingine alibaki stoo. Ugonjwa haukurudi nyuma. Kufika mwisho wa mwaka hakuweza tena kufunga vifungo, na kila Jumapili mumewe alimfungia gauni la kanisani, akilaumu mafundi kwa kushona vifungo vidogo kama mtama, naye akicheka hadi mumewe akakosea tundu na kuanza upya.