Magunia Matupu Hayaandikwi

Gunia zuri hulijui kwa kulitazama tumbo. Tazama pembe zake. Mimi nashona magunia tangu meno yangu yote yakiwa kinywani. Nashona kwa shazia, ile sindano nene ndefu kuliko kidole, na kila gunia langu nalifunga pembe ya chini kwa uzi mwekundu, mafundo matatu. Mdogo wangu, mjane aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, anapika sabuni. Daraja ni moja, lango ni moja, na kutoka kibarazani kwangu mpaka langoni ni hatua mia mbili.

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba hata sabuni namshinda. Tulipimana zamani. Kwa siku moja nilishona magunia ishirini, au nikapika miche kumi ya sabuni. Yeye alishona magunia manne, au akapika miche minane. Nikamwambia, "Basi wewe huna lako, nakushinda kote kote."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, kwenye sabuni unanishinda kidogo tu. Kwenye magunia unanizika mzima mzima. Kila mche unaopika wewe unakula magunia mawili ambayo ungeyashona. Wangu unakula nusu gunia. Niachie sabuni, wewe shona. Tubadilishane, gunia kwa mche."

Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Siku ya kushona ilinipa miche ishirini badala ya kumi. Siku yake ya kupika ilimpa magunia manane badala ya manne. Hakuna aliyeibiwa. Basi miaka kumi na mmoja wanawake wa mtaa wangu wakashona, wa mtaa wake wakapika. Magunia yalikwenda yamekunjwa, yakarudi yamebeba sabuni, yakenda tena kujazwa nafaka zao.

Karani wa lango ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Mtu mpole, kola yake imenyooshwa mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa na daftari kubwa: kushoto vinavyoingia, kulia vinavyotoka. Sabuni aliiandika mche kwa mche. Magunia yetu yakipita, alipunga mkono tu.

"Mama, gunia tupu si bidhaa," aliniambia nilipomuuliza. "Ni kifungashio. Kifungashio hakiandikwi mpaka kiwe na kitu ndani."

"Na chungu kitupu?"

"Chungu ni bidhaa."

"Kwa hiyo nikilishonea gunia mfuniko nitaandikwa?"

Akacheka, nami nikacheka. Nimekijutia sana kicheko kile.

Mwaka wa kumi na mmoja redio ikasoma hesabu za lango letu za mwaka uliopita. Jirani wa ng'ambo ametuuzia sabuni miche elfu arobaini. Sisi tumemuuzia sifuri. "Sifuri," msomaji akarudia, kama anayetaja ugonjwa.

Mtaani kwetu kulikuwa na mwanamume tuliyemwita Nyundo. Aliwahi kufungua karakana ya sabuni. Sabuni yake ikachubua watoto ngozi, watu wakaikimbia. Sasa alipata wa kumlaumu. Kesho yake asubuhi, saa tatu, jua tayari kali, alisimama langoni na wanaume kama thelathini wenye fimbo, vyuma na visu.

"Wanatunyonya!" alipiga kelele. "Elfu arobaini wao, sifuri sisi! Nyie wanaume au mapambo?"

Na ndipo mdogo wangu akatokea darajani, akisukuma mkokoteni wake, magunia sita ya sabuni, kitambaa chake cha kichwa kimelegea kama siku zote. Alidhani ile ni foleni. "Habari za asubuhi jamani," akasema.

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Niliona kutoka kibarazani. Niliona na jino likiruka. Nikainuka, gunia nililokuwa nalishona likaning'inia kwenye shazia. Magoti yangu haya ya siku zote yanayolia, siku ile yalinyamaza.

Walimwangusha. Walipindua mkokoteni, wakapasua magunia kwa visu, miche ikamwagika, nao wakaiokota na kumpigia hiyo hiyo, mgongoni, kichwani, inalia kama tofali kwenye nyama. Mkwe wangu alifunga dirisha lake. Nilisikia komeo.

"Angalieni pembe!" nilipiga kelele nikiwasukuma. "Angalieni uzi! Hayo magunia ni yetu! Mnayoyachana ni ya mama zenu!"

Kijana mmoja aliinamia gunia, akauona uzi mwekundu, akanitazama. Nilidhani ameelewa. Kisha akalichana.

Nyundo akaja na ndoo kutoka karakana yake, ameishika mbali na mwili. Nilijua harufu kabla sijaona: maji ya magadi makali ya kupikia sabuni. "Leteni mkono wake," akasema. "Mkono unaotupikia."

Wawili wakamkalia. Mmoja akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya ukingo wa daraja. Mdogo wangu hakupiga kelele mpaka maji yalipomgusa. Ngozi ilibambuka kama ya nyanya iliyomwagiwa maji moto. Nyundo akainamisha ndoo mara ya pili, kuelekea uso.

Hapo nilikuwa nimefika. Nilimchoma shazia nyuma ya kiganja, nikasukuma kwa nguvu ile ile ninayotumia pale kitambaa kinapokunjwa mara nne, ikatokea upande wa pili. Ndoo ikamwangukia miguuni.

Alilia kama mbuzi. Kilio chake ndicho kilichowatawanya. Hesabu yangu hakuna aliyeisikiliza.

Nilimwagia mdogo wangu maji ya bomba, ndoo baada ya ndoo, maana magadi hayasikii dua, yanasikia maji. Nilihesabu ndoo ishirini na tatu. Uhai alibaki nao. Vidole vinne vya mkono wa kulia havikubaki.

Siku ya tatu mkwe wangu alikuja na daftari, kola imelala. Hakuthubutu kuketi.

"Mama, nitajie magunia yaliyotoka mwaka jana."

"Elfu arobaini. Gunia kwa mche."

Akaandika kulia. Mwezi uliofuata redio ikasoma upya: elfu arobaini kwa elfu arobaini. Lakini ng'ambo walikuwa wameshafunga daraja, baada ya kumpiga mchuuzi wetu mpaka akafa, kulipiza. Kushoto sifuri, kulia sifuri. Nyundo hupita na mkono wake uliokauka, ananiambia, "Sasa bibi, tuko sawa." Mimi natafuta shazia yangu ilipo.

Mdogo wangu anaishi kwangu. Nimerudi kupika sabuni mwenyewe, nyumba hii haiwezi kuoga majivu. Yeye anakaa karibu na sufuria, anashona kwa mkono wa kushoto, gunia moja kwa siku, na mafundo matatu ya uzi mwekundu anayakaza kwa meno aliyobaki nayo.

"Dada," ananiambia nikikoroga, "huo mche umeshakula magunia mawili."

"Najua. Nyamaza ushone."

"Nakukumbusha tu," anasema, na kuukata uzi.