Salamu ya Pili

Mama mkwe wangu, Mama Devota, ametoka Kagunga, kijijini kwake kando ya ziwa, kuja kukaa nasi Katubuka, hapa mjini, na tangu afike kazi yangu inasuasua. Sisi Waha tunasalimiana kwa makofi, goti chini: "Mwakeye?" Yaani, mmeamkaje? Sawa. Lakini yeye akienda tu uani kumwaga maji, akirudi tunaanza upya. Viganja vinaniwasha.

Nami kazi yangu ni kufuta marudio! Natengeneza kompaila, programu inayogeuza maandishi yetu kuwa amri za kompyuta. Ndani ya kompyuta kazi nyingi hutumia kumbukumbu moja kwa pamoja. Ili moja isisome kitu ambacho nyingine haijamaliza kukiandika, kompaila huweka kizuizi: simama, hakikisha, endelea. Kila kusimama kunakula muda. Alphonce, bosi wangu aliyeko Dar, alisema nipunguze vizuizi kabla ya saa sita mchana wa leo, la sivyo mkataba basi.

Kanuni yangu ilikuwa rahisi: vizuizi viwili vikifuatana, futa cha pili. Majaribio yote yakapita. Nikavimba kichwa, nikamtumia.

Saa nne mama akatoka uani, simu sikioni, akarudi. Nikajisemea kwa ujeuri: tumeshasalimiana, futa. Sikuinua macho. Naye akaketi mkekani kimya. Nikashukuru, jamani, nikashukuru kabisa!

Saa tano na nusu nikaenda kuchukua chai. Bado ameketi vilevile, kanga mdomoni. Nikapiga goti.

"Mwakeye, mama?"

"Kumekucha sina nyumba, mwanangu. Jirani yangu Faustini kanipigia. Ziwa limepanda, limebomoa yote."

Saa nzima na nusu, peke yake, hatua tatu kutoka kwangu. Aibu ilinichoma. Kati ya salamu mbili palikuwa na simu. Na kanuni yangu ilikuwa na upofu uleule: haikuangalia kama katikati programu imeita kazi nyingine ikabadilisha mambo. Majaribio yangu nayo hayakuuliza.

Nikampigia Alphonce. "Usiiingize. Ina kosa."

"Leonia, una wazimu? Imebaki nusu saa!"

"Nitairekebisha kesho."

"Na mkataba?"

"Utajua wewe."

Nikakata. Nilikuwa hata sijamuuliza mama kama watu wote walitoka salama.